Seva Inapogoma: Diski Nyingi Pekee Hazilindi Kumbukumbu za Umma

Kata ya Bugarama, katika Halmashauri ya Wilaya ya Msalala mkoani Shinyanga, ipo jirani na Mgodi wa Dhahabu wa Bulyanhulu, ndani ya ukanda wa madini unaoanzia Kahama kuelekea Geita. Katika ukanda huo kumbukumbu zina thamani ya fedha. Fomu za uthamini wa fidia, ramani za viwanja, majalada ya wagonjwa, leseni za wachimbaji wadogo, na mipango ya kila mwaka ya wajibu wa kampuni kwa jamii inayotakiwa na Sheria ya Madini baada ya marekebisho ya mwaka 2017, zote ni nyaraka ambazo mwananchi anaweza kuja kuziulizia miaka mingi baada ya kuandikwa. Sehemu inayoongezeka ya nyaraka hizo haipo tena kwenye makabati ya chuma. Ipo kwenye diski za seva.

Wananchi wamezoea kuelezwa kwamba mtandao unasumbua na kwamba warudi kesho. Mara nyingi kauli hiyo ni ya kweli, na kesho yake huduma huendelea. Hali inayostahili kuangaliwa kwa makini ni nyingine: mtandao ni mzima, umeme upo, lakini seva haifungui kumbukumbu kwa sababu diski zake mbili zimewaka taa nyekundu. Siku hiyo, uamuzi unaofanywa na mtumishi aliyepo ofisini ndani ya saa ya kwanza unaweza kuamua iwapo kumbukumbu zitarejea au la.

Uzito wa kumbukumbu za dhahabu hauhitaji maelezo marefu katika eneo hili. Mwaka 2017, Serikali ilipozuia usafirishaji wa makinikia nje ya nchi na makontena 277 kushikiliwa katika Bandari ya Dar es Salaam, hoja kuu ilikuwa ni nini hasa kilichomo ndani ya makontena hayo na kama kililingana na kilichoandikwa. Makinikia hayo yalitoka Bulyanhulu na Buzwagi. Mgogoro huo ulihitimishwa kwa makubaliano yaliyosainiwa tarehe 24 Januari, 2020, ambayo yaliipa Serikali hisa za asilimia 16 katika migodi kupitia Kampuni ya Twiga Minerals. Katika mgogoro wa aina hiyo, upande usioweza kutoa kumbukumbu zake huingia kwenye meza ya mazungumzo ukiwa umepungukiwa.

Seva nyingi za ofisi hutumia utaratibu unaojulikana kama RAID, ambao huunganisha diski kadhaa ili kompyuta izione kama diski moja. Jina hilo lilienea kupitia andiko lililochapishwa mwaka 1988 na David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Walitaka kuonesha kuwa diski nyingi za bei nafuu zinaweza kufanya kazi ya diski moja kubwa ya gharama. Lakini diski zikiwa nyingi, uwezekano wa mojawapo kuharibika nao huongezeka. Ndiyo maana wakaeleza namna ya kutunza taarifa za ziada zitakazoziba pengo la diski iliyokufa.

Namna hizo hutofautiana. Katika RAID 1, kila kinachoandikwa kwenye diski moja huandikwa pia kwenye nyingine. RAID 5, inayohitaji diski tatu au zaidi, hugawa data vipandevipande na kutunza hesabu ya ziada. Kwa mfano rahisi, diski ya kwanza ikiwa na namba 4 na ya pili 7, ya tatu hutunza jumla yake, yaani 11. Diski ya pili ikifa, 11 kutoa 4 hurudisha 7. Hesabu halisi hufanywa kwa biti na hesabu hizo husambazwa kwenye diski zote, lakini mantiki yake ni hiyo. RAID 6 hutunza hesabu mbili, hivyo huhimili kufa kwa diski mbili. RAID 0 haitunzi ziada yoyote, na haifai kwa kumbukumbu za umma hata kama kasi yake inavutia.

Wachimbaji wadogo wa Kanda ya Ziwa wanaweza kuelewa jambo hili upesi kuliko wengi. Timba moja likivunjika ndani ya duara, mengine hubeba uzito kwa muda, na kazi huonekana kuendelea kama kawaida. Hata hivyo, hakuna msimamizi mwenye busara anayeendelea kushusha watu chini kabla timba hilo halijabadilishwa. Seva yenye RAID 5 iliyopoteza diski moja ipo katika hali hiyo hiyo. Watumishi huendelea kufungua majalada, barua hutoka, na hakuna anayejua kwamba kinga imekwisha.

Seva hutoa ishara. Huwasha taa ya rangi ya chungwa au nyekundu, na nyingi hupiga mlio usiokoma. Tatizo ni kwamba seva za ofisi nyingi hukaa kwenye chumba kinachofungwa, na anayeusikia mlio huo wa kwanza aghalabu ni mhudumu wa usafi, ambaye hakuna aliyewahi kumweleza amwarifu nani. Wakati mwingine mlio huonekana kero tu na huzimwa. Diski ya kwanza hufa mwezi Machi bila mtu kujua, na ya pili hufa Agosti. Kwa watumiaji, seva imekufa Agosti. Kwa fundi, ilianza kufa Machi. Tofauti hiyo ya miezi, kama itakavyoelezwa hapa chini, ina athari kubwa wakati wa kurejesha data.

Diski za seva moja hununuliwa pamoja, mara nyingi kutoka toleo moja la kiwanda, na hufanya kazi saa zile zile katika joto lile lile. Kwa hiyo huzeeka pamoja. Moja inapobadilishwa, mfumo hulazimika kusoma kila sehemu ya diski zilizobaki ili kujenga upya iliyopotea, kazi inayoweza kuchukua saa nyingi au siku kadhaa bila kupumzika. Watengenezaji wa diski za kawaida kwa muda mrefu wameandika kiwango cha kosa moja la kusoma kwa kila biti trilioni 100, sawa na takriban terabaiti 12.5. Diski nyingi hufanya vizuri kuliko hapo, lakini kwa seva yenye diski kubwa, kiwango hicho kinatosha kueleza kwa nini diski ya pili huanguka wakati hasa ya kwanza inapojengwa upya.

Mazingira nayo yana sehemu yake. Vumbi la kiangazi huziba feni, joto hupanda, na umeme unapokatika na kurudi ghafla, msukumo wake hupiga vifaa visivyo na kinga. Radi za Kanda ya Ziwa ni hatari inayojulikana; tarehe 27 Januari, 2025, radi iliua wanafunzi 7 wa Shule ya Sekondari Businda wilayani Bukombe, mkoani Geita. Jengo la ofisi lisilo na kinga ya radi linaweza kupoteza kidhibiti cha seva na diski zote kwa pigo moja, na hapo idadi ya diski haina msaada wowote. Hata UPS, ambayo ofisi nyingi huiamini, ina betri inayochoka baada ya miaka michache, na uchovu huo hugundulika siku umeme unapokatika.

Hapa ndipo neno "usalama" katika vipeperushi vya wauzaji wa seva linapopotosha. RAID hulinda mwendelezo wa huduma pale diski inapoharibika. Mtumishi akifuta kabrasha kwa bahati mbaya, RAID hulifuta kwenye diski zote katika sekunde hiyo hiyo. Programu ya kihalifu ikifunga mafaili ili kudai fidia, RAID huhifadhi kwa uaminifu mafaili yaliyofungwa. Moto, maji na wizi havichagui diski.

Seva inapogoma, madhara makubwa mara nyingi hufanywa baada ya hitilafu, na hufanywa na watu wenye nia njema. La kwanza ni kuizima na kuiwasha mara kwa mara kwa matumaini kwamba itaamka. Diski ambayo kichwa chake cha kusomea kimeanza kugusa sahani huzidi kukwaruzika kila inapowashwa, na unga unaotoka hapo huharibu sehemu zilizokuwa salama. Diski inayotoa mlio wa kugongagonga haipaswi kupewa umeme tena.

La pili ni kuchomoa diski zote ili kuzipangusa, kisha kuzirudisha bila kukumbuka ipi ilikaa wapi. Seva za kisasa zinaweza kuzitambua diski zilizobadilishana nafasi, lakini za zamani au zenye kidhibiti kilichoharibika huenda zisiweze. Kalamu ya wino na kipande cha karatasi ya gundi kwenye kila diski huepusha usumbufu huo.

La tatu ni hatari zaidi. Kioo huonesha ujumbe kwamba hakuna RAID iliyopatikana na kumuuliza mtumishi kama anataka kuanzisha mpya. Akikubali, baadhi ya mifumo huanza mara moja kuandika upya diski zote. Mwingine hulazimisha diski iliyokufa kurudi kazini. Iwapo diski hiyo ni ile iliyotoka mwezi Machi, inarudi na data ya Machi katikati ya diski zenye data ya Agosti. Mfumo utafunguka, pengine hata majina ya mafaili yataonekana, lakini ndani yake vipande vya miezi miwili tofauti vimechanganyika. Kisha huendeshwa programu ya kukarabati mafaili, chkdsk katika Windows au fsck katika Linux. Programu hizo huchukulia kuwa kilichopo chini yake ni sahihi, hivyo hukata na kufuta kila kisicholingana. Hitilafu ambayo asubuhi ingeweza kutengenezeka, jioni inakuwa haitengenezeki.

Kinachotakiwa ni kidogo na hakihitaji utaalamu. Seva izimwe na iachwe imezimwa. Kioo na mpangilio wa diski vipigwe picha kwa simu. Kila diski iandikwe namba ya nafasi yake. Ziandikwe pia aina ya seva na kidhibiti, tarehe, na kila kilichokwishafanywa tangu hitilafu ilipoonekana, pamoja na yale ambayo aliyeyafanya angependa yasijulikane. Kisha aitwe Afisa TEHAMA wa halmashauri.

Kazi ya kurejesha yenyewe huanza kwa kutoigusa data halisi. Kila diski huunganishwa kwenye kifaa kinachozuia kuandikwa, na hutengenezwa nakala yake pacha, biti kwa biti, kwenye diski nyingine. Kwa diski dhaifu hutumika programu kama ddrescue, ambayo husoma kwanza sehemu nzima na kuacha sehemu sugu hadi mwisho, ili diski ikifa katikati ya kazi iwe imeshatoa sehemu kubwa ya ilichonacho. Diski iliyoharibika kimakanika hufunguliwa katika chumba kisicho na vumbi pekee, na kichwa chake hubadilishwa kwa kingine cha diski ya aina ile ile.

Baada ya hapo diski halisi huwekwa kando, na mtaalamu hufanya kazi juu ya nakala. Anatafuta mambo manne: mpangilio wa diski, ukubwa wa vipande, namna hesabu ya ziada inavyozunguka kutoka diski moja hadi nyingine, na mahali data inapoanzia. Ofisi iliyoandika taarifa hizo siku seva ilipofungwa humrahisishia kazi. Isiyoandika humlazimu kuzikisia moja baada ya nyingine na kuangalia matokeo. Hapo pia hutambua ipi ni diski ya Machi na kuitenga, kwa kuwa ni afadhali kuhesabu upya sehemu yake kutoka kwa zilizobaki kuliko kuiamini. Diski ya Agosti, hata ikitoa asilimia 99 tu ya maudhui yake, ndiyo yenye thamani.

Kuna mtego mmoja ambao hata mafundi huingia. Faili dogo, kama barua ya ukurasa mmoja, linaweza kukaa lote ndani ya kipande kimoja cha diski moja, hivyo hufunguka vizuri hata mpangilio ukiwa umekosewa. Uthibitisho wa kweli hutolewa na mafaili makubwa: picha ya ramani, video, au jalada lililochanganuliwa lenye kurasa mia kadhaa. Yakifunguka mwanzo hadi mwisho, mpangilio ni sahihi. Mkuu wa idara anayeoneshwa barua tatu kama ushahidi kwamba data imerudi anayo haki ya kuomba aoneshwe ramani.

Ipo mipaka ambayo hakuna fundi anayeivuka. RAID 5 ikipoteza kabisa diski mbili, na hakuna kinachosomeka kwenye mojawapo, mafaili yaliyosambazwa hayarejei. Sehemu iliyoandikwa upya imeondoka. Diski zilizofungwa kwa usimbaji, ufunguo wake ukiwa umehifadhiwa kwenye seva hiyo hiyo iliyokufa, zinaweza kuwa nzima na zisisomeke. Anayeahidi kurejesha asilimia mia moja kabla hata hajaziona diski hastahili kupewa kazi hiyo.

Serikali imepunguza sehemu ya hatari hii kwa kuhamishia huduma nyingi kwenye mifumo ya pamoja. Mfumo wa Serikali wa Malipo ya Kielektroniki, GePG, ulioanza kutumika mwaka 2017, ni mfano ulio karibu na mwananchi: malipo yaliyofanywa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo husajiliwa katika mfumo wa kitaifa, wala hayategemei kompyuta ya ofisi aliyoihudhuria mlipaji. Mamlaka ya Serikali Mtandao (eGA), iliyoundwa kwa Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya mwaka 2019, husimamia viwango vya TEHAMA katika taasisi za umma, na Kituo cha Taifa cha Kuhifadhi Data kilichopo Kijitonyama, Dar es Salaam, hutoa mahali pa kutunzia data penye umeme na ubaridi ambao ofisi ya kata haiwezi kuumudu.

Hata hivyo, kukusanya kumbukumbu mahali pamoja huhamisha hatari bila kuiondoa. Tarehe 26 Septemba, 2025, moto ulizuka katika kituo cha data cha Serikali ya Korea Kusini mjini Daejeon wakati betri za lithiamu zilipokuwa zikihamishwa. Mifumo 709 ya umma iliathirika. Mingi ilirejeshwa hatua kwa hatua, isipokuwa hifadhi ya pamoja ya nyaraka za watumishi iliyoitwa G-Drive, yenye takriban terabaiti 858, ambayo iliteketea bila kuwa na nakala nje ya kituo hicho. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba ukubwa wake ulifanya iwe vigumu kuitengenezea nakala ya nje. Korea Kusini ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa TEHAMA, na ukweli huo unapaswa kuwafikirisha wanaoamini kwamba ubora wa vifaa unatosha.

Aidha, kuwa na programu ya kunakili si uthibitisho kwamba nakala ipo. Desemba 2021, Chuo Kikuu cha Kyoto nchini Japani kilipoteza takriban terabaiti 77 za data za utafiti baada ya programu ya kunakili, iliyokuwa imefanyiwa marekebisho yenye kosa, kufuta mafaili iliyopaswa kuyalinda.

Kwa ofisi ya Bugarama, utaratibu unaokubalika katika taaluma hii unatekelezeka: nakala tatu za data, katika aina mbili za vifaa, na moja ikiwa nje ya jengo. Nakala ya nje inaweza kupelekwa kwa mtandao. Lakini tarehe 12 Mei, 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipokatika, intaneti ilizorota nchini na katika nchi jirani. Kwa hiyo diski moja inayosafirishwa kila wiki hadi makao makuu ya halmashauri na kufungiwa kabatini bado ina nafasi yake. Diski hiyo isibaki imechomekwa kwenye seva, kwani iliyochomekwa hupigwa na radi ile ile. Mara moja kwa robo mwaka, mafaili machache yarejeshwe kutoka kwenye nakala hadi kompyuta nyingine na kufunguliwa, na jina la aliyefanya jaribio liandikwe daftarini. Kati ya yote yanayopendekezwa na wataalamu, hili la kujaribu ndilo rahisi zaidi kuliahirisha.

Suala la nani anakabidhiwa diski zilizoharibika halijazoeleka katika ofisi nyingi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, haikomi seva inapokufa. Jalada la mgonjwa lililo ndani ya diski mbovu bado ni taarifa binafsi, na sheria hiyo inaweka masharti ya kuzisafirisha taarifa za aina hiyo nje ya nchi. Kumpa diski fundi wa mtaani bila maandishi, au kuzituma kwa kampuni ya nje kwa sababu bei yake ni nafuu, ni kukabidhi majina, namba za simu na magonjwa ya watu ambao hawakuulizwa. Makabidhiano yanapaswa kuwa na hati inayotaja namba ya kila diski, aliyetoa, aliyepokea na tarehe ya kurejeshwa.

Diski hizo zinapaswa kurudi hata baada ya data kupatikana. Seva ya zamani ikishaondolewa kazini huingizwa kwenye orodha ya mali chakavu, na ikiuzwa pamoja na diski zake, mnunuzi anaweza kuondoka na kumbukumbu za kata nzima. Diski zitolewe kwanza, zihesabiwe dhidi ya hati ya makabidhiano, kisha zifutwe kwa programu maalumu, au zitobolewe kwa mashine pale zisipoweza tena kuwashwa.